Andalio la Somo, Jumatano

Kwenye kisanduku cha "Zana" niliandika: kivuli.
Basi. Muhuri wa Mwalimu Mkuu ukagongwa.
Darasa la Sita, vipimo, saa nne kasorobo,
tukavuka reli ya Muheza, tukaingia shamba la mkonge
ambalo mwenyewe amelisahau,
kila mche uliozeeka umesimamisha mlingoti wake
kama mtoto aliyenyoosha mkono na hakuna anayemchagua.

Nikawaambia: ule pale, urefu wake?
Hakuna kupanda. Hakuna kukata.
Mna rula, mna jua, mna vivuli vyenu wenyewe.

Jua likaingia wingu.

Wingu la upande wa Amani, zito, halina haraka,
likaketi juu yetu kama mgeni aliyekuja na sanduku.
Watoto arobaini na saba wakanitazama.
Nikapapasa chaki mfukoni,
niliyokuja nayo kwa mazoea tu.
Nilinyamaza. Si hekima; sikuwa na la kusema.

Kaniki akatupa jiwe ahesabu muda wake angani.
Jiwe likampata mbuzi wa watu.

Halafu Mwantumu, wa dawati la nyuma,
ambaye daftari lake nimeliandikia "Jitahidi"
mpaka neno limechakaa,
akakusanya sketi, akaupa mlingoti mgongo,
akatembea, akainama,
akachungulia katikati ya miguu yake.

Wakacheka. Nami, Mungu anisamehe, nilicheka.

"Bado," akasema, ushungi ukifagia vumbi.
Hatua mbili. Akainama. "Bado."
Hatua moja. "Hapa. Ncha naiona hapa.
Pimeni kutoka nilipo mpaka shinani, ndio urefu.
Baba hupima hivi minazi ya watu
kabla hajawasha msumeno,
ajue ukianguka utaishia uani
au utaingia jikoni kwa jirani."

Tukatafuta mmoja uliokwisha kufa.
Hoza akainama, akaacha kandambili yake iwe alama.
Tukausukuma wote, moja, mbili, eeh!
Ncha ikalala juu ya kandambili.

Kelele zile nusura ziamshe Korogwe.

Mkaguzi alitukuta hapo. Alikuwa ametoka darasani,
alikokuta madawati na manyigu,
na sasa anaona watoto arobaini na saba
vichwa chini, mbingu katikati ya magoti.
"Hili ni somo gani?"
Nikataka kusema pembe. Nikataka kusema
nyuzi arobaini na tano, pembetatu pacha.
Singano akanitangulia, akiwa bado amejikunja:
"Shikamoo mzee. Sogea kidogo, unaziba ncha."

Akasogea.

Usiku, kwa taa ya simu, nililifungua andalio.
Nikakata "kivuli". Nikaandika:
miguu, shingo, kandambili moja,
baba yake Mwantumu
na msumeno wake. Kisanduku ni kidogo;
msumeno ukaangukia pambizoni.