Siku Niliyoolewa, Tulitwaa Kombe

Baba yangu, Zsigmond, aliajiriwa na reli akiwa na miaka kumi na sita,
na timu ya reli ikamwajiri pia, bila mshahara.
Miaka hamsini na mitatu. Jukwaa la mashariki, safu ya saba,
ubao uliobonyea kwa umbo lake
kama mto wa kulalia unavyokumbuka kichwa.

Timu yenyewe, niseme kweli, ilikuwa kichekesho.
Tulipanda daraja kama mlevi apandaye ngazi:
vidato viwili juu, kimoja chini,
kisha vyote chini, kwa kishindo.
Golikipa wetu mmoja alikuwa mwoka mikate;
Jumamosi alinukia hamira,
na mipira ya juu aliidaka polepole
kana kwamba angoje kwanza iumuke.

Baba alitafuna mbegu za alizeti dakika zote tisini.
Tukifungwa, alitema maganda kwa hasira, mengine yakamrudia kotini.
Tukifunga, alisahau kutema.
Mama hakuuliza matokeo.
Alilikung'uta koti kizingitini, akatazama sakafu.
"Tatu," alisema. "Au nne?"
Naye baba, akivua viatu: "Nne. Moja ilikuwa ya kuotea."

Mechi moja tu hakuwepo.

Tarehe niliichagua mimi, majira ya baridi,
mto Tisza ukiwa umeganda,
na nani angedhani, jamani, nani,
kwamba wana-reli wangefika fainali ya mkoa?
Alikuja jikoni. Akavua kofia.
"Ilka, ukumbi umeshalipiwa?"
"Umeshalipiwa, baba."
"Basi vizuri."
Akatoka uani kupasua kuni
ambazo alikwisha kuzipasua jana yake.

Usiku wa harusi nilicheza naye.
Nililaza kichwa begani pake, nikasikia umati:
mdogo, wa mbali, kama nyuki ndani ya chupa.
Waya mwembamba ulipanda kutoka kola hadi sikioni.
"Dakika ya ngapi?" nikamnong'oneza.
"Themanini na moja."
"Ngapi ngapi?"
"Bila kwa bila. Usisimame, mama yako anatutazama."

Tukazunguka. Mpiga fidla akazunguka nasi.
Halafu baba akanikanyaga kidole,
mkono wake ukanikaba mgongoni hadi vifungo vya gauni vikalia,
na hakupiga kelele.
Mdomo wazi, macho yamejaa,
mtu mzima akibubujika katikati ya ukumbi.
Wageni wakashika vifua: tazameni,
tazameni anavyomlilia bintiye!
Shangazi Piroska akamletea leso.
Nami sikusema kitu.

Miaka yote iliyofuata wenzake walilirudia goli lile,
na kila mwaka mpigaji alisogea nyuma mita tano,
hata likawa limepigwa karibu na kituo cha treni.
"Nawe, Zsigmond, ulikuwa umesimama wapi?"
"Mimi?" alisema. "Siku ile mimi nilikuwa nacheza."
Wakacheka, wakamnunulia bia.

Ndoa haikumaliza mwaka wa kumi na mbili.
Kombe lipo bado, kabatini, kando ya choo cha wageni,
limepauka, limewekewa funguo ndani.

Sasa naketi mimi safu ya saba.
Ubao haujanikubali: shimo lake ni pana,
nabaki ukingoni kama mtu aliyekuja kuomba.
Leo mvua. Leo beki wetu mpya amejifunga
kwa kichwa kizuri kuliko vyote msimu huu.
Mzee wa nyuma yangu ameondoka dakika ya sabini,
akaapa harudi tena; Jumamosi iliyopita aliapa vilevile.
Nimekunja koti magotini.
Mfuko wa mbegu bado ni nusu.