Kiganja cha Gweth

Nilidhani nimekuja kufundishwa kukata.
Kukata nilikujua: miaka mitano ya upasuaji Kakamega,
matumbo, ngiri, vidole vilivyoliwa na mashine za miwa.
Hapa Kisumu, katika wadi ya walioungua,
somo la kwanza lilikuwa kuuliza saa.

Saa nne usiku aliingia mama kutoka Rabuor,
mwanawe kamfunga kwa leso iliyolowa.
Uji wa moto ulipita kifuani, begani, mkono wote wa kulia.
Mtu alikuwa amempaka dawa ya meno,
mwingine ute wa yai.
Sikusema neno. Hilo nalo limo katika mtaala.

Kiganja cha mgonjwa, pamoja na vidole, ni asilimia moja.
Cha mgonjwa, si changu.
Basi niliuazima mkono wa kushoto wa Gweth, uliosalimika,
nikaupitisha juu ya mwili wake bila kugusa,
kama fundi cherehani apimaye kitambaa asicho na haki ya kukikunja.
Ishirini.

Tatu kwa kilo kumi na nne kwa ishirini:
mililita mia nane na arobaini, nusu yake kwa saa nane.
Nikaanza kuhesabu tangu mlangoni.
"Daktari," akasema Sista Rispa, macho kwenye dripu,
"moto haukungoja ufungue faili."

Mama hakuwa na saa. Simu ilikuwa imezima.
Alichokumbuka ni redio:
walikuwa wanasoma matangazo ya vifo,
wamefika kwa mwalimu mstaafu wa Asembo,
majina ya wakwe zake hayajaisha,
sufuria ikapinduka.

Matangazo husomwa saa moja.
Saa tatu zilikuwa zimemwagika njiani,
kwenye magari mawili na zahanati yenye kufuli.
Mia nne na ishirini, basi, kwa saa tano.
Themanini na nne kila saa.
Mwalimu wa Asembo hayumo katika kitabu chochote nilichosoma,
lakini ndiye aliyenipa hesabu.

Alfajiri, mkojo ukashuka katika mrija, wa manjano, kidogo.
Tuliutazama kama watu wa Ahero wanavyotazama mawingu.

Kitanda cha sita alilala Ogweno, mchomeleaji wa Kibuye.
Pipa alilodhani tupu.
Siku ya kwanza alizungumza vizuri,
akauliza ni nani atakayefunga kibanda.
Viganja sabini na nane.
Mkufunzi wangu alivuta kiti kando yake.
Nilisogea, nikidhani atanionyesha jambo kwenye mashine ya kupumulia.
Alikaa tu.
Baadaye nikaenda kutafuta kiti changu.

Mchelea mwana kulia hulia yeye:
sijui kama aliyeitunga aliwahi kubandua bandeji.
Kila asubuhi Gweth aliniita kwa Kijaluo jina
ambalo Sista Rispa amekataa kunitafsiria,
na mimi Mmaragoli nikaitika.

Siku ya kumi na moja tulichuna ngozi ya paja,
nyembamba kama ganda la kitunguu,
tukaitoboatoboa ikawa chandarua, ikaenea mara mbili ya ukubwa wake.
Ikashika. Si yote; begani iliteleza, tukarudia.
Kisha mabanzi, vidole vikiwa vimefunguliwa kwa nguvu,
usiku na mchana, yeye akinitukana.
Ngozi ivute ingali maji.
Bibi yangu aliisema hiyo akinilazimisha kusoma.
Sikujua kwamba siku moja
nitaifuata neno kwa neno.

Juni wamerudi kliniki.
Mkono unashika kalamu, unashika muwa, unarusha jiwe
(mama analalamika kuhusu jiwe).
Kidole cha mwisho kimegoma kunyooka;
nitakifungua Agosti, kabla sijafanya mtihani.

Anaweka kiganja chake juu ya changu, anasukuma,
anataka kujua nani mkubwa.
Kimekua.
Bado ni asilimia moja.