Kopo la Misumari

Kibuye, nyuma ya wauza mitumba,
Ogweno hakuanza kunifunza useremala.
Alinipa kopo la misumari iliyopinda
na nyundo iliyolegea mpini.
"Nyoosha," akasema, akarudi kwenye randa yake.

Miezi mitatu! Kidole gumba kikawa cheusi,
wenzangu wa Manyatta wakaniita Karani wa Kutu.
Jioni moja, mvua ikipiga mabati, nikamwambia naacha.
Hakunisihi. Alinisogezea nusu andazi
na msumari mmoja zaidi.

Kigoda changu cha kwanza kiliyumba.
Mteja akakicheka, akaenda zake.
Ogweno akakunja kipande cha boksi,
akakisukuma chini ya mguu mfupi,
akakikalia kama kiti cha hakimu.

Tulimzika Jumamosi, Ugenya.
Leo nafungua karakana: randa hazipo,
misumeno imekwenda na waliowahi.
Kigoda kipo. Kimeng'aa kwa kukaliwa
miaka kumi na mmoja,
na boksi ni lile lile, jembamba sasa kama ganda la kitunguu.

Mlangoni kasimama kijana, Otiato, mikono mifukoni,
anauliza kama kuna kazi.

Natafuta kopo.