Nani Alilala Hapa

Agosti nilipita na kishikwambi, vumbi mpaka kwenye nyusi,
nikahesabu kilima cha Mahemba:
kaya moja, watu watatu, mbuzi tisa, choo hakuna.
Aprili mto Bubu ukavunja kingo,
Bahi ikageuka kioo kichafu toka reli hadi upeo,
na kilima kikawa kisiwa pasipo bahari.

Mtendaji akaniita: Wewe unakijua.
Kahesabu tena, unga utagawiwa kwa vichwa.
Nikapanda mtumbwi wa Chisumo,
tukapita juu ya majaruba ya mpunga, juu ya njia ya baiskeli,
juu ya kaburi la babu yake.
Alinionyesha kwa pondo, "hapa,"
wala hakusimama.

Swali la kwanza halibadiliki, nimelikariri kama sala:
usiku wa kuamkia leo, nani alilala hapa?

"Andika," akasema Ndalu, mwenye kilima,
mwanamke asiyejua kupunguza maneno wala chumvi.
"Sisi watatu. Watu wa bondeni arobaini na moja.
Mwalimu Yoeli, kaja na rejista na boksi la chaki, kasahau viatu.
Mtoto wa Damari, wa juzi, hana jina; andika Mvua, watambadilishia.
Umemaliza? Hujamaliza.
Chini ya mkole, digidigi watano.
Hawatuogopi tena, au woga umewachosha.
Pimbi mwambani, hao siwawezi.
Ngedere wawili, mmoja amebeba.
Kifutu mmoja, mnene kama mkono wa Yoeli,
kalala juu ya gunia la uwele,
nasi tumemwachia gunia.
Ndege sitaki hata kuwaanza.
Na kiboko: mchana majini, usiku anakula majani yangu.
Huyo utamwandika mkazi au mgeni?"

Nikamwambia fomu haina safu ya digidigi.

"Agosti nilikuuliza kaya ni nini.
Ulinijibu mwenyewe, na kalamu sikioni:
wanaokula chungu kimoja.
Haya, twende ukaone chungu."

Lilikuwa shimo la mwamba, pana kama ungo,
maji ya mvua, safi, pekee yasiyonuka mizoga.
Kwenye tope la ukingoni: kisigino cha mtoto,
kwato mbili ndogo kama punje za maharage,
kiganja cha ngedere, vidole vyote vitano,
ndoo imeburutwa, kwato tena,
na nyayo zangu mimi, mbichi,
zikiwa zimekanyaga za wengine.

Niliandika arobaini na sita.
Unga ukaja wa arobaini na sita,
tena pungufu kidogo, unga una tabia zake.

Siku ya nne nikarudi.
Moshi ulikuwa na harufu ya mafuta.
Damari alinyonyesha, midomo inang'aa.
Ndalu aliangalia upande wa reli, kwa mara ya kwanza kimya.
Chini ya mkole walisimama wanne.
Sikuuliza; njaa nayo ina makarani wake.

Maji yalipokauka kila mtu alifuata mlango wake,
na wasio na milango wakafuata majani.
Fomu niliipeleka wilayani, ikagongwa muhuri.
Nakala ninayo. Nyuma yake, kwa penseli:
pimbi wengi, ngedere wawili na nusu,
kifutu mmoja na gunia lake, kiboko (mkazi),
digidigi 5,
nikafuta, nikaandika 4.
Ukiinamisha karatasi kwenye mwanga wa dirisha,
ile tano bado inasomeka.