Udongo Uliochemka

Nilivuka na mwaloni mwekundu kwenye kivuko cha Saaremaa,
mche wa kimo changu, mizizi imefungwa gunia,
nimeushika kiunoni kama mlevi
asije akawaangukia watoto wa watu.
Abiria waliutazama. Nikajiona bwana.
Nilitaka Oktoba yenye moto mlangoni,
majani rangi ya damu ya mzee, ukuta mweupe nyuma yake,
na mama mkwe wangu Maimu akiri, walau mara moja,
kwamba Triinu hakukosea kuolewa bara.

Maimu hakukiri kitu. Aliingia jikoni,
akatoka na chupa ya siki, ile ya matango,
akachota udongo wa kutosha kiganja
akaumwagia.
Udongo ukachemka.
Ukatoa povu, ukasema shhh,
kama mtu anayenyamazisha chumba.
"Chokaa," alisema, akijifuta kwenye aproni.
"Sasa huyu mgeni wako anakula nini?"

Mimi mtoto wa Tartu. Kwetu udongo ni mzito,
hung'ang'ania buti mpaka ubaki na soksi.
Nilidhani ardhi ni ardhi.
Nikachimba. Sepeto la kwanza, nyasi.
La pili, vumbi la kijivu.
La tatu, ngo! Mwamba.
Ganzi ilinipanda hadi kwenye meno.
Asiyesikia la mkuu huvunjika guu;
mimi nilivunja mipini miwili,
nikatwanga jiwe kwa mtaimbo siku mbili nzima,
nikajaza shimo mifuko sita ya udongo wa dukani,
mweusi, laini, wenye picha ya waridi.

Mwaka wa kwanza mwaloni uliishi kwa nilichouletea,
kama mwanafunzi wa bweni na sanduku la vyakula vya nyumbani.
Wa pili, mizizi ikafika ukingoni mwa shimo
ikabisha hodi.
Wa tatu, mwezi Juni, mvua hakuna, upepo una chumvi,
majani yakageuka manjano, mishipa tu ya kijani:
ramani ya nchi iliyobaki na mito peke yake.
Chuma kilikuwemo mle ardhini, nilikuja kujua,
ila chokaa ilikifungia kabatini
na ufunguo ikaumeza.

Siku hiyo Maimu alivaa buti.
"Twende tukaone nani anaishi hapa."
Hakunitajia mti mzuri. Alinionyesha
mireteni iliyolalia upande mmoja, wote uleule;
mtofaa wa Aarne nyuma ya zizi,
uliokoma kurefuka pale ukuta ulipokoma kuukinga;
kisha, kwenye ukuta wa makaburi, katika ufa
usioweza kumeza sarafu,
mti wenye majani ya kijani juu na fedha chini,
upepo ukiyapindua haraka haraka
kama karani anayehesabu noti.
Wenyeji huuita pooppuu. Utamke polepole,
ni kama kupoza supu.
"Huu," alisema, "hakuna aliyeubembeleza."

Tukapanda mche wa kufika gotini, kwenye udongo uleule,
bila mfuko, bila picha ya waridi.
Nilipoleta ndoo ya samadi akanizuia:
"Usiudekeze."

Na mwaloni? Niliung'oa Novemba, majani yameshapukutika,
nikavuka nao tena. Mhudumu wa kivuko, yuleyule,
akauliza kama tumegombana.
Uko kwa kaka yangu sasa, matope hadi kifundoni,
umenenepa, hauna adabu,
kila vuli unawaka mpaka majirani wanasimamisha gari.
Kaka hututumia picha. Triinu huzitazama kwa muda mrefu
kuliko anavyodhani ninaona.

Pooppuu wetu una miaka saba, umenifika begani.
Matunda yake mekundu hayana utamu wowote;
ndege wa Januari hawajalalamika.
Lile shimo la zamani nilitaka kulifukia
kwa mawe yaliyotoka humohumo. Hayakuenea.
Yaliyobaki yamelundikana karibu na mlango,
na Maimu huyakalia jioni akimenya vitunguu,
mgongo kwenye ukuta, uso kwa upepo,
chupa ya siki iko karibu.