Yah: Kujieleza

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Barua yenu niliipokea Jumatatu, getini kwangu Segerea,
mkononi mwa Chogo, dereva wa ofisi,
aliyeikabidhi huku akitazama viatu vyake
kama mtu aliyeleta habari ya msiba.

Mnauliza kwa nini alfajiri ya tarehe tisa
nilikataa kuipeleka ndege Songea.
Nilikuwa nimechoka.
Jibu ni hilo. Haya mengine nayaandika
kwa kuwa mmeniachia karatasi tatu tupu.

Nilitua kutoka Mwanza saa nne usiku,
mvua ya Kipawa ikipiga kioo kwa makofi.
Abiria mmoja mwenye boksi la sato
alinishukuru kana kwamba nimembeba mgongoni.
Nyumbani, ufunguo ulilikosa tundu lake mara mbili.
Mara mbili, mlango wangu mwenyewe;
nanyi mlitaka nikautafute uwanja wa Songea ndani ya ukungu.

Saa tisa kasorobo simu ikalia.
Bwana Rweyongeza wa ratiba hakuuliza habari za usiku.
Alisema, "Kapteni, kuna pengo."

Pengo hilo nani kalichimba?
Tangu Januari wameondoka saba,
wanne wako Ghuba, hawapokei hata salamu.
Mimi nimebaki na milioni tisini za mafunzo,
deni linalokaa nami mezani
na kuchagua mnofu kabla yangu.

Juzi fundi Mwakatumbula alinionyesha kitabu cha injini.
Kila saa imeandikwa, kila dakika,
oili imebadilishwa kwa siku yake.
Ikifika kikomo inashushwa, inalazwa karakana,
wala hakuna anayeiandikia barua.
Nikaionea wivu. Mtu mzima, nikakionea chuma wivu.

Mnasema nimeitia kampuni hasara.
Kweli. Abiria sitini na mmoja walikesha kwenye viti vya bati,
na mmoja alinitukania ukoo.
Sikumjibu. Ana haki ya kukasirika,
na alikuwa hai kuitumia.

Kikao cha Alhamisi nitahudhuria.
Nitakuja na Tumsifu wa chama,
na daftari la saa zangu,
na nitakuwa nimelala.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Kapteni E. Nzowa

Nakala:
Chama cha Marubani.
Jalada.
Bwana Rweyongeza, ratiba,
ambaye usiku ule naye hakulala.