Sikumwambia Upepo

Asubuhi ile nilikata nyasi za kiwanja,
ukanda wote, mita mia nane na ushei,
kwa sababu Orest alipiga simu toka milimani
akasema, Wendell, nakuja na cheri,
kreti mbili, moja yako. Usimwambie Olha.

Huku Saskachewani ardhi imelala chali,
haina hata goti lililoinuliwa.
Kanola ilikuwa imechanua, njano mpaka ukingo wa mbingu,
na kiwanja chetu ni mchirizi wa kijani ndani yake:
kibanda cha bati, pampu ya mafuta, soksi ya upepo
niliyoishona mwenyewe baada ya Februari kuichana.
Mnara wa kuongozea ndege hatuna.
Rubani huitangazia hewa mahali alipo,
na hewa haijawahi kumjibu mtu.
Mimi ndiye niliyekuwa namjibu.
Si kazi yangu. Sina cheti. Nina redio kuukuu
juu ya rafu ya spana,
na kwa miaka kumi na tisa nilimwambia:
magharibi, hafifu, karibu nyumbani.

Saa kumi na dakika arobaini alisema:
nageuka kuingia, nauona ukanda,
umeunyoa vizuri.
Nilikuwa chini ya mashine, nimeshika kisu chake,
grisi hadi viwikoni.
Kupitia mlangoni niliiona soksi ikilegea,
ikasita kama mtoto aliyesahau alichotumwa dukani,
kisha ikajaa, ikaelekeza kaskazini.
Upepo wa kusini. Na una nguvu.
Nikasema moyoni: ngoja ninawe mikono.

Hayo ndiyo maneno. Yaandikeni.
Ngoja ninawe mikono.

Upepo ulimsukuma ukampitisha mstari,
naye akakaza kona kuurudia, akavuta
kidogo, tena kidogo juu ya kidogo,
mpaka bawa la kushoto likakosa hewa ya kuegemea.
Hayo niliyaelezwa baadaye, kwa mchoro.
Mimi nilisikia injini, sauti ileile ya siku zote,
halafu sikuisikia.
Haikufifia. Ilikoma
kama mazungumzo mtu asiyetakiwa akiingia chumbani.
Sabuni ilikuwa bado kiganjani.

Kutoka idara ya uchunguzi alikuja Bi Thorvaldson,
viatu vya mpira, kalamu tatu mfukoni.
Akaipima kanola iliyolala: hatua ishirini na mbili tu.
Haikuteleza, akasema, ilidondoka.
Akaandika kuhusu redio, akaandika kuhusu soksi,
akafunga daftari, akasema, hata kama ungemwambia…
hakuimalizia.
Kuna usiku ninaomshukuru kwa kutoimalizia.
Kuna usiku mwingine.

Cheri tulizikuta mpaka Septemba.
Mashine ya kuvunia ilikuwa ikitema kokwa.

Na gari lake lilibaki kando ya kibanda siku kumi na moja,
kioo nusu wazi, mvua ikiingia itakavyo.
Kila aliyepita alisema, mtu alitoe lile gari,
na hakuna aliyekubali kuwa mtu huyo.
Olha akaja mwenyewe, kwa miguu, na funguo za akiba.
Akakaa penye usukani, akakivuta kiti mbele,
maana ni mfupi, Olha,
kisha akatulia kitambo
akakirudisha nyuma, palepale kilipokuwa,
akawasha, huku ncha ya kiatu ikiitafuta breki.

Alipofika pampuni alisimama.
Mkononi alikuwa na risiti ya cheri, imelowa, imekauka.
Kreti mbili, akasema. Ya pili ilikuwa ya nani?

Nikatazama juu ya kichwa chake.
Magharibi, nikamwambia.
Hafifu.